Posho ya Gesare

Jumatatu, 17 Mei 1937

Daftari jipya. Kurasa themanini, na hakuna anayejua ninalo. Naandika Kiswahili makusudi. Mama hasomi lugha yoyote. Shemeji Phelix anasoma Kiluo hata kikiwa kimefunikwa. Kiingereza ni cha Bwana. Basi Kiswahili – huku milimani hakina mwenyewe, kila mtu anakivunja apendavyo.

Leo watoto thelathini na wanane darasani. Kumi na mmoja wana vidonda pembeni mwa midomo. Memsaab Daktari amekuja kutoka Nairobi kuwapima, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na Kiingereza nilikisomea miaka sita misheni, amenifanya mkalimani. Anauliza kila mtoto: asubuhi umekula nini? Uji. Mchana? Hakuna. Jioni? Ugali. Jana? Ugali. Juzi? Mtoto mmoja alichoka kuulizwa, akasema juzi kwao walikula kuku. Wenzake wote wakageuka kumtazama. Nikatafsiri vile vile, na Daktari akaandika. Sasa kuna kuku ndani ya ripoti ya Serikali ambaye hata yai lake halijatagwa.

Nilipaswa kusema. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kuona fahari.

Jumatano, 19 Mei

Mvua tangu alfajiri. Majani ya chai yanaota kana kwamba yamekasirishwa. Gesare ameongoza kwenye mizani tena, mtoto mgongoni, gunia kichwani la kujikinga.

Gesare ni jirani yetu hapa kambi namba tatu. Mkisii. Ana miaka ishirini na mmoja kama mimi, na mtoto wa miezi minane, Kepher. Mumewe aliondoka mwezi wa tatu akaenda Sotik, alisema anaenda kuona ng'ombe wa rafiki yake. Lazima ni ng'ombe wazuri sana wa kutazamwa! Miezi miwili anawatazama. Kampuni ikafunga tiketi yake, kadi ya siku zake za kazi. Na hapa tiketi ndiyo kila kitu. Mwanamume mwenye tiketi anapata posho ya unga kila Jumamosi, na nyumba. Mwanamke anachuma na kulipwa mshahara wake mdogo, lakini unga na nyumba vinamfikia kwa mkono wa mumewe. Hakuna mume, hakuna unga.

Leo nyapara Bogonko, naye Mkisii, tena wa ukoo wa mume huyo huyo, amemwambia atoke kwenye nyumba tarehe thelathini na moja.

Mimi nilikasirika. Gesare hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, wewe una elimu. Nitafutie tiketi moja nzuri niolewe nayo. Isiyokunywa."

Alicheka peke yake, kisha akaendelea kukuna sufuria. Kwao hawezi kurudi. Ng'ombe wa mahari yake, kaka yake ameshaoa nao. Akirudi yeye, mke wa kaka atatazamwa kila siku kama aliyekaa kwenye kiti cha mtu.

Ugali wetu, wa posho yangu ya ualimu, tunaugawa. Mama anajifanya hajaona. Hupika mwingi na kusema mkono umeteleza.

Alhamisi, 20 Mei

Kuna baraza!

Daktari amemwambia Bwana Meneja kwamba chakula cha kambi kinawaumiza watu. Bwana akasema watu wenyewe hawapatani juu ya chakula, hata ng'ombe wa sherehe ya kutawazwa Mfalme juma lililopita aligawanywa kwa ngumi. Daktari akasema basi waitwe wote wanaohusika wakae pamoja wazungumze mpaka wapatane. Bwana akasema, sawasawa. (Kambini anaitwa hivyo, Bwana Sawasawa. Husema hivyo akikubali, akikataa, na akiwa hajasikia.)

Mimi ndiye karani wa baraza. Mambo ni matatu: unga, maharagwe, maziwa. Wakaniuliza kama kuna la nne. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa wataona blauzi inaruka. Nikasema lipo. Mwanamke anayechuma apewe posho na nyumba kwa jina lake mwenyewe. Bwana alikuwa anatafuta kiberiti. Akasema, sawasawa.

Ni sawasawa ya aina gani? Sijui. Lakini imepigwa taipu: namba nne. Nilirudi nyumbani miguu haigusi matope.

Jumamosi, 22 Mei

Ghafla napendwa na watu wote.

Asubuhi alinisimamisha Kiarie. Huyu ametoka Kiambu, ana kinu cha maji kule chini mtoni, na mahindi yote ya kampuni husagwa kwake. Aliuliza habari za masomo, za mama, za kuku. Sisi hatuna kuku. Kisha akafika alikokuwa anakwenda: wimbi ni chakula cha babu, hukwama kwenye jiwe. Mahindi ni maendeleo.

Saa nne, Bogonko. Ugali wa mahindi, alisema, unaziba tumbo kama tope linavyoziba ukuta. Mtu ni wimbi. Aliniita mtoto wa Ajwang, kwa jina la mama, hakuniita mwalimu.

Saa sita, arap Boswony, mzee wa Kipsigis anayelisha ng'ombe mpakani mwa shamba. Anataka kampuni inunue maziwa yake. Asiyekunywa maziwa utotoni, alinieleza kwa huruma, utamjua kwa anavyosalimia. Nikajiuliza nilikuwa nimemsalimiaje.

Jioni Phelix. Yeye ni fundi wa mashine za kukausha majani kule kiwandani, mume wa dada yangu. Alisema Mjaluo bila omena, dagaa wa ziwani, ni mgonjwa anayetembea.

Wajumbe basi ni watano: Kiarie wa kinu, arap Boswony wa maziwa, Bogonko wa manyapara, Phelix wa kiwandani, na kwa niaba ya wanawake wachumaji, mama. Mama alikataa. Alisema kuongea mbele ya meza kunamwasha mwili. Nikamtajia Gesare. Akasema ngoja nilale niliwaze.

Jumapili, 23 Mei

Mama amekubali. Alisema ndani ya wimbo, kanisani, bila kunigeukia.

Jumatatu, 24 Mei

Nimepanga viti. Kazi ndogo? Si ndogo. Phelix ni mkwe wa mama. Kwetu hao wawili hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na mmoja kula mbele ya mwenzake ni aibu ambayo hata kuiandika naandika haraka. Kuongea kwenye mkutano si neno, mradi kila mtu ajue macho yake yako wapi. Kwa hiyo nimewaweka upande mmoja wa meza. Mama mwisho wa huku, Phelix mwisho wa kule. Katikati yao Bogonko, ambaye ni mnene. Pazia zuri. Ni mara ya kwanza naona faida yake.

Nimehesabu pia kura. Mama, ndiyo. Phelix, ndiyo, kwa sababu anamwogopa dada. Arap Boswony nilimuuliza kwa mbali, akasema kwao mwenye maziwa ni mwanamke, mwanamume ni mwenye ng'ombe tu. Ndiyo! Bogonko, hapana. Kiarie atasubiri kuona. Watatu kwa wawili. Nimehesabu tena kitandani. Bado watatu.

Jumanne, 25 Mei

Maafa. Daktari amepata wazo.

Anasema watu wakizungumzia chakula huku wana njaa watatukanana. Basi tule! Meza ziunganishwe mviringo ili wote waonane. Kila mjumbe aonje kila chakula: ugali wa mahindi ya njano tunayopewa sasa, wa mahindi meupe, wa wimbi, maharagwe yanayoletwa na gari la moshi Fort Ternan, omena, maziwa lala yaliyoganda. Yeye ataandika nyuso.

Nilisema labda wengine watakuja wameshiba. Akanipiga bega kwa furaha.

Mviringo! Mviringo hauna mwisho wa huku wala mwisho wa kule.

Jumatano, 26 Mei

Nimemwambia mama. Alichambua mboga zote, akaanza kuchambua zilizochambuliwa. Kisha akasema Phelix asije. Nikaenda kwa Phelix. Akasema kama mama yupo, yeye ana malaria. Lini? Kesho asubuhi. Ameshaanza kuihisi.

Bila Phelix, kura ni mbili. Bila mama, wanaume wanne watakaa kujadili posho ya wanawake.

Niliwaza nimweleze Daktari. Angefanya nini? Ni mtu mwema, angemtoa mmoja, na ninajua angekuwa nani. Fundi wa mashine hatolewi.

Na kuna lingine, naliandika hapa kwa kuwa hapana pengine pa kuliandika. Misheni nilikula meza moja na wasichana wa kila kabila. Nikajiona nimevuka mambo haya, niko ng'ambo. Leo nilipomwaza mama akitafuna mbele ya Phelix, masikio yaliniwaka moto. Elimu yangu imefika shingoni, ikasimama.

Baadaye mama alipita nyuma ya nyumba nilipokuwa nakata kuni. Alisema, "Nitakuja. Mdomo wangu nitaufungua kwa kusema. Kwa kula, hapana."

Dada naye ameleta ujumbe kwamba malaria ya Phelix imepona.

Alhamisi, 27 Mei

Niandike yote kabla sijayapamba.

Darasa langu, meza mviringo, ramani ya Afrika ukutani. Bwana Sawasawa mlangoni na kiko chake. Daktari na kadi. Wajumbe watano katika nguo za Jumapili. Mama alikuwa amejifunika leso hadi puani, ameketi ubavu, anaangalia ramani. Phelix aliketi ubavu upande wake, anaangalia dirisha. Mgeni angedhani wameelekezwa na mpiga picha.

Chakula kikaletwa. Kinatoa moshi. Daktari akasema karibuni, kwa Kiswahili.

Hakuna aliyegusa.

Mama hakugusa kwa sababu ya Phelix. Phelix kwa sababu ya mama. Bogonko aliwaona hao wawili hawali, akarudisha mkono, maana nani ajuaye kuna nini kwenye chakula ambacho Wajaluo wanakikataa? Kiarie alimwona Bogonko. Arap Boswony alikuwa ameona omena tu, akasogeza kiti nyuma. Kwao samaki ni aina ya nyoka, na huyu alikuwa bado na macho.

Ugali ukaanza kukauka ngozi. Daktari akaandika jambo kwenye kadi, akaandika lingine. Bwana akatoa kiko mdomoni, akaniuliza kwa Kiingereza kama huu ni mgomo.

Mgomo! Juzi tu kule Fort Ternan watu walifukuzwa kwa neno hilo. Wote wakanitazama mimi, hata mama, kwa jicho moja. Ukweli ulikuwa mfupi. Ningesema sentensi moja tu, na mama angesindikizwa nje kwa upole.

Nikasema, si mgomo, Bwana. Ni heshima. Desturi ya watu wote hapa, hakuna anayekula kabla mwenyeji hajala.

Ni uongo. Uongo mzima, na nguo umevaa. Daktari akaandika desturi hiyo kwa furaha. Bwana akasema sawasawa, ile ya hofu.

Akaja mezani. Alianza na ugali wa njano, ule tunaopewa sisi, ambao unga wake umekaa stoo ya nyuma ya mashine tangu mwezi wa pili, na mvuke unauingia. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Nilisikia kimya cha watu sita wakimsaidia kumeza. Akakimbilia kibuyu cha arap Boswony, na hakujua kwamba maziwa lala ya Kipsigis hutiwa masizi ya mti hadi yanakuwa ya kijivu. Kisha, kwa kuwa ni mwanamume na tulikuwa tunamwangalia, akala omena. Mmoja. Akiwa mzima na kichwa chake.

Akasema kwa Kiingereza kwamba kuanzia Juni unga utakuwa mweupe na mpya, na ule wa stoo wapewe nguruwe. Kiarie, ambaye haijui lugha hiyo ila anaijua sauti ya kazi mpya ya kinu, akainamisha kichwa kwa heshima. Namba moja imepita! Bila mtu kunyanyua mkono.

Halafu Bwana akasema kuna lori limekwama, anakwenda kulitazama. Alisema mengine tuyamalize wenyewe, mimi niandike, Jumamosi mchana wajumbe waweke dole gumba la wino, naye atatia sahihi. Alikwenda upesi. Daktari akamfuata na mkoba wa dawa.

Namba mbili, maharagwe: wamekubali. Namba tatu, maziwa kwa watoto wa shule: wamekubali, arap Boswony akiwa wa kwanza. Namba nne nikaisoma.

Mama akasimama. Akampa Phelix mgongo, akawa anaongea na ramani, mahali karibu na Misri. Alisema kwa Kiswahili chake cha kubomoka, nacho kilisimama kuliko changu.

"Nimechuma miaka tisa. Mizani haijawahi kuniuliza kikapu hiki ni cha mke wa nani. Basi posho inauliza kwa nini?"

Arap Boswony akaguna vizuri. Bogonko akajibu, hakukasirika, na hilo ndilo baya, anaamini. Alisema mwanamke mwenye unga wake ana mlango wake, na mwenye mlango wake hana mume. Ukoo utamjibu nini kijana akirudi kutoka Sotik akute mkewe amekuwa tiketi? Mama akaiambia Misri kwamba aliyeacha mlango wazi si Gesare.

Nilikuwa nafungua kinywa niseme tunyanyue mikono. Nilikuwa nimekifungua! Kiarie akasema jamani, Wazungu wameondoka, chakula kinapoa, tule kwanza. Akakata tonge la wimbi, akamnyooshea mama bakuli la maharagwe kwa adabu ya Kiambu.

Phelix akaruka kama aliyechomwa. Alitoka kwa dirisha. Kwa dirisha, mtu mzima, fundi! Arap Boswony akadhani ameugua, akamfuata kwa mlango. Bogonko akasema baraza limevunjika, akachukua wimbi lake akaenda. Mama alibaki amesimama.

Namba nne haikukubaliwa. Haikukataliwa pia.

Mama alikula baadaye, pembeni, baada ya Kiarie kuondoka. Alisema maharagwe yamepungukiwa chumvi.

Ijumaa, 28 Mei

Daktari ameondoka na gari la moshi. Alinishika mikono yote miwili.

Tangu asubuhi wanakuja mmoja mmoja kunieleza baraza liliamua nini. Bogonko: lilikataa. Phelix, nje ya ofisi, akiwa amepinda kifundo cha mguu: lilikubali, yeye alikubali moyoni akiwa bado hewani. Arap Boswony aliuliza kama kweli kulikuwa na la nne. Kiarie ndiye mjanja. Alisema niandike "litazungumzwa". Nikamuuliza, litazungumzwa lini? Akasema, mwalimu, hilo ni neno zuri, halihitaji tarehe.

Lakini la Gesare lina tarehe. Jumatatu.

Alikuja mwishoni. Hakuuliza kitu. Alinirudishia sufuria niliyomwazima Februari, ameisugua kwa jivu hadi inang'aa kama ya dukani. Akaniambia ilikuwa na doa, kaliondoa. Akasema mkeka wake ameshaufunga, usije ukalowa. Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema Sotik, akaone hao ng'ombe.

Nimeitazama sufuria hiyo hadi giza. Sitaki kupikia ndani yake.

Jumamosi, 29 Mei

Saa tatu asubuhi. Niko ofisini na mashine ya taipu.

1. Unga mweupe, mpya, kuanzia Juni mosi.
2. Maharagwe, mara tatu kwa juma.
3. Maziwa kwa watoto wa shule, kila siku.
4.

Nimeandika nne na nukta. Mbele yake peupe.

Karatasi ya baraza ni nini? Ni yale watu waliyosema? Walisema mengi, na mengi yalikuwa juu ya samaki. Ni yale waliyokubali? Mikono haikunyanyuliwa, lakini ingenyanyuliwa mitatu, nilihesabu. Kura tatu zilikuwepo chumbani. Zilizuiwa na bakuli la maharagwe. Je, bakuli la maharagwe ni mjumbe?

Najibembeleza. Najua. Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi, nimewahi kusema tu. Alhamisi nilisema mmoja, na ajabu ni kwamba nililala vizuri.

Saa nne na nusu. Nimeandika. "4. Mwanamke anayechuma atapewa posho na nyumba kwa jina lake mwenyewe." Herufi ya p imeingia wino mwingi.

Mama ameingia. Hajawahi kuingia ofisini hapa. Alisimama karibu na mlango kama anayehofia kuchafua sakafu, akaniambia nimsomee la nne. Nikamsomea. Akauliza kama ndivyo walivyosema.

Nilitazama mashine.

Mama akavuta kiti, akaketi. Akasema, "Soma tena, nyara, binti yangu, polepole. Nikiulizwa, nataka niseme sawasawa na karatasi."

Nikasoma mara tatu. Midomo yake ilifuata.

Saa sita kamili. Wote wapo, wanangoja nje ya mlango waingie mmoja mmoja. Naandika haya huku daftari likiwa ndani ya kitabu cha mahudhurio, naonekana karani kweli. Bwana yuko dirishani, anakunywa chai, ana rangi nzuri leo. Amesema kila mjumbe asome au asomewe, aweke dole, kisha yeye. Gesare yuko nje na Kepher, amesimama upande wa mizani. Sikumwita. Amekuja kupima majani ya asubuhi.

Mama amekuwa wa kwanza. Bwana alimuuliza kwa mzaha, la nne ni lipi? Mama akalisema lote, neno kwa neno, macho juu ya dari, kama mtoto wangu wa darasa la pili. Bwana akasema sawasawa. Dole.

Phelix alisubiri mama atoke kabisa. Dole, bila kusoma.

Arap Boswony ameuliza maziwa ni namba ngapi. Tatu. Dole juu ya tatu. Nikamwonyesha pa kuweka. Akaweka tena.

Sasa Kiarie. Kiarie anasoma. Ndiye pekee kati yao asomaye Kiswahili, na anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hana haraka. Bogonko ameingia nyuma yake, anapumua.

Moja. Mbili. Tatu. Kidole kimefika nne. Kimesimama. Kiarie ameinua macho akanitazama mimi, si karatasi. Anajua. Alikuwepo, yeye ndiye aliyenyoosha bakuli!

Sijui uso wangu unafanya nini. Naendelea kuandika ili uwe na shughuli.

Ametazama nje dirishani. Wanawake wamepanga foleni kwenye mizani na vikapu. Midomo yake inasogea. Anawahesabu. Kumi, ishirini, amerudia mwanzo wa foleni. Kila mmoja ni unga wa juma zima, na kila unga unapita kwenye jiwe lake mtoni.

Ametia sahihi. Jina zima, na mkia chini.

Bogonko amemshika mkono wa koti. Anataka asomewe na Kiarie, si na mimi. Ana haki. Kiarie amekohoa, anamsomea: unga mweupe, mzee. Maharagwe. Maziwa ya watoto.

Bogonko anauliza, "Na hii ya nne?"

"Ya nne ni mambo ya jikoni, mzee. Unataka nikusomee mambo ya jikoni?"

Bwana amegeuka kutuangalia. Phelix anachungulia. Bogonko amemtazama Kiarie, amenitazama mimi, ametazama foleni kule nje. Mtu wa heshima yake, mbele ya watu wote hawa, aulize ya jikoni? Ameleta dole juu ya kidau cha wino. Analishikilia hapo. Halijashuka, wala halirudi –